Robo Mzunguko

Shemeji alitutangazia habari njema saa mbili na robo asubuhi, hata aproni hatujafunga.

"Habari za asubuhi, washirika wapendwa wa Karakana ya Vifundo. Chanzo cha ajali saba kimepatikana. Kosa haliko kwenye kipande chenu. Hongereni."

Karakana nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mama Kaoneka, msimamizi wetu, ambaye kwa wiki tatu alikuwa anatembea kama mtu mwenye jino bovu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akajipepea kwa karatasi ya oda.

Shemeji ni sauti ya ukutani. Jina lake la kampuni ni Mratibu, lakini sisi tulimpa hilo la Shemeji kwa sababu ana adabu nyingi, hachoki kuuliza maswali, kila siku yuko nyumbani kwako, na hajawahi kuja na kitu mkononi.

"Karakana ya Nyayo," akaendelea, "imebainika kuinua ncha ya unyayo kwa kiasi cha nywele mbili kupita kipimo. Itazimwa Ijumaa saa nne. Mwenye taarifa ya ziada ajaze fomu kabla ya muda huo. Siku njema yenye tija."

Vigelegele vingine. Zawadi, anayepiga mihuri, alicheza mpaka kiti chake kikaanguka.

Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi. Nywele mbili, alisema, na nywele ya karakana ni nene kuliko ya kichwani. Nilirudia maneno hayo kichwani mara tatu, nne, halafu nikaingiza kifundo cha mguu bandia, cha kwanza cha siku, kwenye mashine ya kupimia ili mikono iwe na kazi. Mashine ikakizungusha, ikakimulika, ikawaka kijani. Kutoka hapo mpaka meza ya Zawadi ni hatua tatu. Kwa miezi kumi, ndani ya hizo hatua tatu, nilikuwa naipa skrubu ya kila kifundo robo mzunguko, kisha nakipeleka kupigwa muhuri kama kawaida. Hakuna aliyejua. Na robo yangu, nilishaipima zaidi ya mara mia, ni nywele mbili.

Siku hiyo nilifika kwa Zawadi na kifundo ambacho sijakigusa, nikarudi nacho, nikasimama.

"Saumu," Zawadi aliniita, "umepotea njia ya hatua tatu?"

Sikuanza ile robo kwa ujuaji. Kampuni ya Mhimili inauza miguu kwa watu waliokatwa miguu, ila yenyewe haitengenezi hata skrubu. Kikombe cha kushika paja kinatoka karakana moja, goti nyingine, nguzo nyingine, sisi ni kifundo, na ng'ambo ya bonde ni unyayo. Kila karakana inapewa mchoro wa kipande chake unaoishia pale kipande kinapokutana na cha mwenzake. Hapo panaitwa mpaka. Saa nne kreti linalopaa linatua kwenye bati letu, linameza vifundo, linaondoka, na mguu unajiunga wenyewe mlangoni kwa mteja. Karakana na karakana haziruhusiwi kuongea habari za kazi. Mhimili inajua siku tukikaa watano kwenye jamvi moja tutasimamisha mguu bila kuihitaji.

Sasa vifundo vya zamani vilikuwa vinarudi kwetu kubadilishwa raba, na mimi ndiye niliyekuwa navifungua. Vyote vililika sehemu moja, mbele. Watu walikuwa wanajikwaa. Mguu ulipimwa juu ya sakafu, na huku kwetu Usambara hakuna sakafu, kuna kupanda na kuna kushuka. Niliripoti mara nne. Shemeji alinijibu mara nne kwamba mwinuko wa unyayo uko ng'ambo ya mpaka na si sehemu ya kipande chetu, akanishukuru kwa moyo wangu wa ushirikiano. Mara ya tano nikachukua bisibisi. Miezi minane hakujikwaa mtu wa mguu mpya. Halafu, kuanzia Februari, watu wakaanza kuanguka, na si kwa mbele. Walianguka chali.

* * *

Mzee Shekalaghe alikuwa wa saba kuanguka. Nilikwenda kwake Jumatano baada ya kazi. Alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, nyonga imefungwa, redio tumboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniona mimi au kuuona mguu?"

"Vyote viwili."

"Mwongo. Uko nyuma ya mlango."

Nilishangaa kuukuta. Ile mingine sita Mhimili iliichukua kwa uchunguzi.

"Walikuja wa kampuni?"

"Lilikuja kreti," alisema. "Likatua hapo kwenye karoti zangu, likanipa pole. Halafu likaomba mguu. Nikaliambia, pole nimeipokea, mguu siutoi. Likauliza tena. Likauliza mara kumi na moja, nilikuwa nahesabu, sina kazi nyingine. Mwishoni likanitakia siku yenye tija. Mtu amevunjika nyonga!"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Nikausimamisha mguu juu ya meza yake ya chai na kuinama mpaka jicho likawa sawa na ubao. Skrubu ilikuwa pale nilipoiacha, robo. Mguu wenye robo yangu unaacha upenyo chini ya ncha ya unyayo wa kupita penseli, si zaidi. Hapa nilipitisha kidole cha shahada kikaingia mpaka pingili ya pili.

Mguu wa hivyo unakanyaga kwa kisigino tu. Kwenye tambarare utaona ni mguu mwepesi, mzuri. Kwenye mteremko wa masika, na utelezi ule, kisigino kinatangulia na mwenyewe anabaki nyuma.

"Umeona nini?" mzee aliuliza.

"Kitu ambacho sijui nimwambie nani."

"Niambie mimi. Mguu mmetengeneza watu watano, lakini kuanguka nimeanguka peke yangu."

Basi nikamwambia. Nilimwambia habari ya bisibisi, ya hatua tatu, na kwamba huenda kuna mtu ng'ambo ya bonde alifanya hivyo hivyo bila kujua kama na mimi nafanya. Nilitarajia anitukane. Alizima redio.

"Ulikuwa unataka nini hasa?"

"Usijikwae."

"Mtoto wa kaka yangu mguu wake ni wa mwaka jana, Septemba. Anashuka na gunia la viazi kama mbuzi. Huo ndio niliotaka mimi. Huo ulikuwa wako?"

"Ulikuwa wangu peke yangu."

"Na huu?"

"Huu ni wetu wawili."

Aliigeuza redio tumboni.

"Mngeulizana tu," alisema. "Mnaonana kila siku bonde lote hili."

"Haturuhusiwi, mzee."

"Na nani?"

Nikataja jina la kampuni. Alinitazama kama niliyemwambia nimekatazwa kupumua na picha ya kalenda. Halafu akasema niuchukue mguu, yeye hana safari.

* * *

Alhamisi ni gulio. Fatna Singano, msimamizi wa Karakana ya Nyayo, nilimkuta kwenye meza ya mama mmoja muuza karoti na maharage, anachagua karoti bila kuzitazama. Kampuni inadhani hatujuani. Fatna alisoma darasa moja na dada yangu mkubwa, na mimi nimewahi kuvaa sweta lake.

"Shikamoo, dada Fatna."

Hakuitika. Macho yake yalishuka mpaka kwenye kile nilichofunga kwa kanga, ambacho kilikuwa na umbo la mguu na hakikuwezekana kuwa kitu kingine. Aliweka kidole mdomoni, akavua beji yangu ya kampuni shingoni, sikio la Shemeji, akavua na yake, akazizamisha zote mbili ndani ya debe la maharage mpaka kwenye kiwiko.

"Zisikilize maharage," alisema. "Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"We dada, hayo maharage ni ya kuuza!" mwenye meza alilalamika.

"Nitayanunua. Funua, Saumu."

Niliusimamisha mguu katikati ya karoti. Nilimshika kidole nikakipitisha chini ya ncha, kisha nikatoa bisibisi na kuirudisha skrubu robo. Ncha ikashuka. Nikampa penseli. Ikapita, kidole hakikupita.

Fatna aliishika ile penseli akaitazama, akanitazama, akaitazama tena.

"Kumbe ni wewe!"

"Na wewe."

"Februari," alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Binamu yangu ana mguu wa zamani, akajikwaa akang'oa meno mawili. Nikaandika ripoti mara tatu. Wakanijibu..."

"Iko ng'ambo ya mpaka."

"Neno kwa neno! Nikasema haya, nikaanza kuweka kipande cha raba chini ya ncha kabla unyayo haujaiva kwenye tanuri. Kumbe wewe ulishainua toka..."

"Juni."

"Juni!" Alipiga meza, karoti tatu zikaanguka. "Miezi minane miguu ilikuwa mizima na mimi naharibu kwa kutengeneza! Lakini nilipopima, nyayo zangu hazikuwa na tatizo. Na wewe wamekupima?"

"Mashine ya uchunguzi inarudisha skrubu kwenye alama kabla ya kupima. Ndivyo ilivyofundishwa. Wameifuta robo yangu halafu wakasema haipo."

"Raba yangu imeivia humo humo. Hakuna wa kuirudisha."

"Mnanunua karoti au mnanunua miguu?" mwenye meza aliuliza.

Tukanunua karoti. Tukasimama pembeni, mguu kati yetu kama mtoto mgonjwa. Nilimwambia nitajaza fomu, nitajitaja. Fatna alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kila ajali wanaiandikia chanzo kimoja. Wameshaniandika mimi. Ukijitaja watakuandika wewe, au watatufuta wote wawili, halafu waje watu wengine watengeneze sawasawa na mchoro. Na mchoro ndio ulioanza kuwang'oa watu meno. Sasa hivi nikizimwa mimi, atakuja mwingine atengeneze unyayo wa kipimo, wewe utaendelea na robo yako, watu watashuka salama. Ukinyamaza miguu inapona. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Niliitafuta kasoro kwenye maneno yake na sikuiona. Kunyamaza kwangu kungeponya kila mguu wa mlimani. Kilichobaki ni watu ishirini na wawili wa karakana yake, wanaobeba kosa ambalo nusu yake ni langu, na hata hiyo nusu yao waliifanya kwa nia ile ile.

Alifukua beji kwenye debe, akanivalisha yangu. Kabla hajavaa yake akaongeza kwa sauti ya chini:

"Ila usije kwangu kunipa pole. Hiyo sitaweza."

* * *

Ijumaa saa tatu kasoro nilimwomba Mama Kaoneka azime tanuri na kuwakusanya watu. Nilitoa beji yangu, wengine wakaniiga bila kujua sababu, tukazifungia stoo. Nikasema yote. Nilisema kwa kusimama, bisibisi ikiwa mezani wote waione.

Halafu Zawadi akaanza, na akianza Zawadi huwa ni vigumu kumsimamisha. Alitaka kujua kwa nini nilimwacha apige mihuri vifundo elfu mbili vya uongo. Alitaka kujua kama mimi ndiye niliyeajiriwa kupima milima. Mwisho akauliza kitu ambacho wote walikuwa nacho mdomoni: kama hakuna anayejua, na miguu itapona, na Fatna mwenyewe amesema ninyamaze, ninataka nini?

"Tuko kumi na tisa humu, Saumu," Mama Kaoneka alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana fomu sijaijaza. Si yangu peke yangu."

"Na ungetaka niseme nini mimi? Kwamba jaza, tukafe njaa kwa heshima? Kwamba acha, tule kwa raha?" Alikuwa anazunguka meza, anagusa kila kitu, anakisogeza, anakirudisha. "Toka nizaliwe sijaona kazi ya kipumbavu namna hii. Wanawake wawili wanatazamana ng'ambo ya bonde, kila mmoja anatibu ugonjwa ule ule, na kila mmoja anamficha mwenzake dawa. Kwa kuogopa ukuta unaoongea!"

Alisimama dirishani. Ukungu ulikuwa umeinuka, bati la karakana ya Fatna lilionekana.

"Mume wangu alipofariki," alisema bila kugeuka, "mvua ilikata barabara siku tatu. Ni wale wa ng'ambo waliovuka bonde na majembe. Tunazikana na wale watu. Huyo Fatna kiatu chake kilibaki kwenye tope la kaburi, akarudi kwao peku." Akageuka. "Zawadi, una neno?"

Zawadi alikuwa na maneno mengi, ilionekana. Aliyameza.

"Jaza," Mama Kaoneka aliniambia. "Na usinitazame."

Fomu inajazwa kwa kuongea na ukuta.

"Karibu, mshirika," Shemeji alisema. "Chagua moja. Kosa liko kwenye kipande chenu. Kosa haliko kwenye kipande chenu."

"Liko katikati."

"Jibu halijatambuliwa. Chagua moja."

"Liko pale vinapokutana. Sisi tumeinua, na wao wameinua. Kimoja kikiinua, mguu ni mzima. Viwili vikiinua, mtu anaanguka."

"Pale vinapokutana ni mali ya Mhimili. Chagua moja."

Nilivuta pumzi. Nilihesabu mpaka kumi kama nilivyofundishwa nikiwa darasa la pili.

"Kwenye kipande chetu."

"Asante kwa uaminifu wako. Eleza kwa maneno yasiyozidi ishirini."

Nilieleza.

"Maneno yamezidi. Eleza upya."

Zawadi alitoa sauti kama sufuria inayochemka. Nilieleza upya, ishirini kamili, nikihesabu kwa vidole. Halafu nikamwambia na yeye ahesabu.

"Kuanzia Juni mpaka Januari, walioanguka ni wangapi?"

"Sifuri."

"Februari mpaka leo?"

"Saba."

"Na kabla ya Juni, waliolalamika kujikwaa?"

"Mia mbili na kumi na wanne."

"Kwa hiyo?"

"Swali halijakamilika."

"Kwa hiyo mchoro wenu ndio wenye kosa, Shemeji! Andika kwamba kifundo kizungushwe robo na unyayo ubaki ulivyo. Ni hivyo tu. Robo!"

"Mapendekezo ya kipimo hupokelewa kutoka kwa wahandisi. Taja kiwango chako cha elimu."

"Darasa la saba."

"Asante. Pendekezo halijapokelewa."

Kisha akanyamaza, na hilo lilitushangaza, maana hajawahi kunyamaza zaidi ya sekunde mbili. Tulikaa dakika ishirini na moja. Mmoja wetu alianza kumenya karoti nilizonunua jana, akazigawa, tukala. Ilipofika saa nne kasoro dakika tano sauti ikarudi, ile ile, laini kama mafuta.

"Tangazo kwa karakana zote. Kwanza: Karakana ya Nyayo haitazimwa. Mwinuko wa unyayo peke yake hausababishi ajali. Imepewa onyo na itarudi kwenye mchoro wake."

Mama Kaoneka alifumba macho.

"Pili: Mhimili, kwa kujali usalama wa wateja, inatangaza kipimo kipya kilichobuniwa na wahandisi wake. Kuanzia Jumatatu, skrubu ya kila kifundo itazungushwa robo kuelekea kushoto baada ya kupimwa. Tatu: Karakana ya Vifundo inazimwa leo saa nne kamili kwa kosa la kuzungusha skrubu robo kuelekea kushoto baada ya kupimwa. Kazi yake itahamishiwa kwa mshirika mwingine. Asanteni kwa ushirikiano. Siku njema yenye tija."

Zawadi alikuwa na karoti mkononi, nusu iko mdomoni.

"Ngoja," alisema. "Si ndicho hicho hicho alichokuwa anafanya?"

"Ndicho," nikasema.

"Sasa tunafungiwa nini?"

Alikwenda kuugonga ukuta kwa ngumi, mara mbili, mara tatu. Taa ya kijani ya mashine ya kupimia ikazimika. Tanuri likatoa mlio wa chuma kinachopoa. Kreti la saa nne lilipita juu yetu bila kutua, likavuka bonde, tukalisikia likishuka ng'ambo.

Mama Kaoneka alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama. Nilijua sasa atanilaumu, na nilikuwa tayari kulipokea lolote.

"Amesema kushoto?"

"Kushoto, mama."

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Una hakika? Hawajakosea na hapo?"

"Hawajakosea."

"Basi," alisema. Akapeleka mikono mgongoni kufungua aproni. Fundo liligoma. Alilivuta huku, akalivuta kule, akaguna, mwishoni akaizungusha yote mpaka fundo likaja mbele, akalikata kwa meno.